Mashimo Mawili ya Pangoni kwa Yuelan

Mbele ya karakana ya Randa, pale njia ya mlimani inapoachana na ya sokoni, kuna benchi refu na seredani ya makaa, na hata inyeshe mvua ya barafu hukosi kukuta watu wamejikunyata hapo na chai zao, wanabishana. Randa ni seremala. Jina alilopewa na mamake limeshasahaulika. Redio alikaa viwandani kule pwani, Guangdong, miaka kumi akarudi na majibu ya kila kitu. Daktari hajatibu binadamu hata mmoja, kazi yake ni nyati wa kulimia. Na wa nne ni Mzee Yang, ambaye asubuhi hiyo alikuwa kimya mno, na sababu alikuwa nayo.

Mpwa wake, Yuelan, anajenga nyumba ndani ya Pango la Popo. Sasa kwetu sisi Wamiao wa milima hii, boriti kuu ya nyumba huletwa na mjomba, hata nyumba iwe ya nani. Siku Yuelan alipozaliwa, Mzee Yang alipanda msonobari kwa kazi hiyo tu, akautunza miaka thelathini na moja. Aliposikia nyumba ni ya pangoni, haina paa, alisusa bila kumwambia mpwa wake. Nyumba bila paa ina boriti gani? Juzi akaukata mti, Randa akaupasua mbao nane za jeneza la mzee mwenyewe. Huku mtu kujiwekea jeneza si uchuro, ni kujipanga. Halafu jana alfajiri akapanda pangoni kwa siri, akachungulie apate la kucheka.

— Jamani mimi nimeingia! alisema Redio, macho yamemtoka. Nje barafu inaning'inia kwenye nyaya, ndani watoto wanacheza pekupeku. Moto hakuna. Jiko hakuna. Nikavua koti. Nikavua sweta.

— Tunashukuru uliishia hapo.

— Acha utani, Daktari. Mlima ule unapumua. Nimeusikia!

— Hiyo ni mashine ya kukausha hewa, alisema Randa. Inakula umeme kidogo kuliko friji yako.

— Na joto linatoka wapi?

— Kwenye jiwe. Julai liko vilevile, Januari liko vilevile. Halafu ule ukuta wa vioo mdomoni mwa pango una tabaka tatu. Jua la majira ya baridi linaingia mpaka vyumba vya nyuma na joto lake halitoki.

— Jiwe tu? Wewe Randa unatuona watoto, alisema Daktari. Nyati akishiba analala anacheua, tumbo linachemka, ukimwegemea unasinzia. Mlima ule umemeza misitu ya zamani, sasa unacheua. Nawaambia, mtu akilala mle miaka ishirini hazeeki.

— Hazeeki vipi?

— Kitamzeesha nini? Jua halimpigi, mvua haimpigi, baridi haimpati.

— Mkewe je?

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee Yang hakucheka. Jana alikuwa amesimama chini ya ule mwamba, juu kuliko mti wowote aliowahi kuukata, na chini yake vyumba vyeupe vya watoto vimetulia kama mayai kwenye kiota. Tone lilianguka mbali kwenye mfereji wa kupeleka maji tangini, kisha kimya, kisha tone jingine. Akaweka kiganja ukutani. Jiwe halikuwa baridi. Miaka sitini alikuwa amepita chini ya mlima huo na mzigo wa kuni mgongoni, anatetemeka, na kumbe! Kicheko alichokwenda nacho kikamwisha. Ndipo akainua macho juu ya vioo, akayaona mashimo mawili.

— Ila yale mashimo mawili yananinyima raha, alisema Redio. Yako juu ya ukuta wa vioo, moja kushoto, moja kulia. Yamechongwa kwenye mwamba, ya mraba, safi kabisa. Ya nini yale?

— Ya popo.

— Popo gani anadai mraba?

— Basi kamera.

— Kamera ukubwa wa kichwa cha nyati! Zile ni pua. Nimeshasema mlima unapumua.

Daktari akaweka bilauri chini, akashusha sauti.

— Chini ya mlima kuna joka. Yuelan amesoma, anajua. Siku likiinuka, pembe zinapita pale, vioo vinabaki salama.

Hapo hakuna aliyecheka. Hata Redio aligeuka kuutazama mlima.

— Mzee Yang, wewe ndiye mjomba mtu. Sema basi.

— Sijui, alisema Mzee Yang.

Alijua. Na Randa, aliyetengeneza milango ya nyumba ile, alijua pia. Hawakutazamana.

Mara Yuelan huyo, anateremka njia ya mlimani mbiombio, blauzi nyepesi, simu mkononi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwenye pango!

— Mjomba, nilijua nitakukuta hapa. Vioo vinaisha leo, kimebaki kipande cha juu tu. Watoto wameshatwanga mikate ya mchele ya kurushia watu siku ya kupandisha boriti. Fundi alitaka tupitishe chuma kwenye yale mashimo, nikamwambia chuma cha nini na mimi nina mjomba?

— Ala! Redio alisema taratibu.

— Nipe urefu tu, fundi yuko kwenye simu. Mti wangu una urefu gani sasa?

Randa akaanza kuchokoa makaa yasiyohitaji kuchokolewa, ameipa mgongo karakana na zile mbao nane. Daktari akaitazama chai yake. Mzee Yang akainamisha kichwa kwa aibu ambayo hajawahi kuionja maishani mwake. Yuelan alikuwa bado anatabasamu.

— Mjomba?