Urbano Paulo Njiku, Mwenye Jarida la "Nani Kaimba"

Ndugu zetu mliofika, poleni na safari, poleni na msiba. Marehemu Urbano Paulo Njiku alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Mgori, mtoto wa tatu wa Mzee Paulo na Mama Rahel. Mama yake alisimulia kwamba hata meno ya utoto hayajaisha kung'oka, alishawachosha watu kwa maswali. Akisikia ngoma, haulizi inachezwa wapi. Anauliza wimbo kaanzisha nani.

Alisoma hapo hapo Mgori hadi darasa la saba, mwaka 1972. Mwaka 1975 alikwenda Singida mjini kujifunza uchapaji, na tangu hapo wino haukumtoka kwenye kucha. Januari 1984 alifunga ndoa na Elizabeti, mwanakwaya, ambaye Urbano alimfuata kumuuliza wimbo wa Pasaka umetungwa na nani. Elizabeti, ndiye Mama Loyce, anasema swali hilo hakuwahi kulijibu, na ndoa ikadumu miaka arobaini na moja.

Mwaka 1991 alianzisha jarida lake, Nani Kaimba, kurasa kumi na mbili zilizobanwa kwa pini. Aliandika habari za bendi za mjini, kwaya, wapiga zeze na waimbaji wa mashambani. Sharti lake lilikuwa moja: wimbo hauingii bila jina la mtunzi.

Hapo ndipo alipoteleza. Mwaka 1998 alirekodi kwenye kaseti wimbo wa kulimia huko Unyambwa, shambani kwa Mzee Chediel. Mwanamke aliyeimba alimtaja Chediel mara tatu. Kwenye bendi alizozizoea, mtunzi hujitaja mwenyewe, basi Urbano akaandika: mtunzi, Chediel. Kumbe waimbaji wa shambani humtaja mwenye shamba aliyewapikia pombe! Jarida lilipotoka, Mzee Chediel akaalikwa kuimba harusini. Alimjia Urbano amefura.

"Bwana mwandishi, mimi nilitoa shamba na pombe. Wimbo sikutoa. Unataka niaibike mbele za watu?"

Alipoulizwa yule mama ni nani, hakumjua. Mama huyo alikuja na wageni wa jirani, akalima, akaondoka.

Jambo hilo lilimuuma Urbano kweli kweli. "Nimemnyang'anya mtu wimbo wake," alimwambia mkewe. Tangu hapo kila toleo lilimtafuta mama huyo kwenye ukurasa wa mwisho. Jarida lilisimama mwaka 2009, baada ya matoleo thelathini na tisa, vijana walipohamia kwenye simu. Yeye hakuacha kuuliza.

Mwaka 2022 aligundulika na kisukari, kikafika kwenye figo. Daktari akamwambia apunguze safari. Thubutu! Januari mwaka huu alikwenda mnadani Ikungi na bintiye Loyce, akaucheza kwenye simu wimbo ule alioutoa kwenye kaseti. Kaseti ilikuwa imeishia katikati ya ubeti wa tatu. Sauti ilipokatika, mama mmoja muuza vitunguu akaumalizia ubeti huku akipanga mafungu yake.

"Shikamoo, mama," alisema Urbano. "Huo ubeti umeupata wapi?"

"Marahaba. Nimeutunga, baba. Ningeupata wapi?"

Ndiye Bibi Kudra Abdulhamidi. Urbano alimweleza kosa lake lote, akaomba radhi. Bibi akaacha kupanga vitunguu.

"Kwa hiyo miaka yote hii ni wa Chediel? Haya, andika upya. Na mimi nione."

Urbano aliliandika toleo la arobaini, la kusahihisha jina hilo, akiwa kitandani. Alifariki Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Singida mjini. Neno lake la mwisho kwa Loyce lilikuwa, "Limetoka?" Loyce hajui kudanganya, akasema bado. Jibu hilo linamtesa binti yetu hadi sasa.

Ameacha mjane, Elizabeti. Watoto watatu, Loyce, Nathan na Faith. Wajukuu watano, na dada yake Happiness.

Toleo la arobaini limechapwa jana, mnalo mikononi ndani ya ratiba hii. Bibi Kudra yuko hapa mstari wa mbele. Hajui kusoma, lakini Loyce amemshika kidole akakiweka juu ya jina lake. Sasa Loyce, mwanangu, sogea kaburini umwambie baba yako kwamba limetoka. Naye Mungu ampe pumziko la amani.