Marehemu wa Saa Tisa

Birika ni langu, benchi ni lao. Naitwa Margareta, ila hapa mbele ya kituo cha magari ya kushuka ziwani, Mbinga mjini, nimeshakuwa Mama Birika. Wazee wa Kimatengo zamani walikuwa na sengu, mahali pa wanaume kula pamoja na kukata mashauri. Hawa wangu wamebaki na ubao huu na sheria moja waliyojitungia: ukitamka neno umeshika kikombe, halirudi. Kahawa wameilima miaka yote bila kuionja. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuifuata huku milimani, ndipo nao wakataka kujua wenzao wanafuata nini. Basi asubuhi moja ya Novemba, mvua ikinukia, mzee Wendelin alishika kikombe akatamka neno lililonikata maini.

Wendelin: Blasius, miche yangu ya kahawa, yote sitini, chukua wewe. Mimi sitaivuna.

Blasius tunamwita Soko Huria, maana hajawahi kupewa kitu akakikataa.

Blasius: Nimepokea. Ila kulikoni, mzee?

Wendelin: Naamka saa tisa usiku. Kila siku ya Mungu. Marehemu baba alianza hivihivi, mwaka haukuisha tukamzika. Mche unataka miaka mitatu. Nitaitoa wapi?

Mtu ana miaka sitini na minane, na juzi tu nilimwona mteremkoni akiziweka sawa ngoro zake, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, kungojea mahindi, wanawe wakihema nyuma! Nilitaka kusema. Lakini Jerome alishaanza, na Jerome akianza hazimwi. Ndiyo maana anaitwa Redio.

Jerome: Hayo ni mawimbi. Zamani redio ilikuwa moja. Ikifunga usiku, nchi nzima inalala. Leo huko Dar kuna redio za watu binafsi, zinakesha. Mawimbi yanapita juu ya bati lako usiku kucha.

Wendelin: Nyumba yangu ya nyasi.

Jerome: Ndiyo mbaya zaidi! Yanaingia bila hodi.

Blasius: Acha uongo. Mzee, blanketi ulinunua wapi?

Wendelin: Mnadani. La mitumba.

Blasius: Umeona! Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzungu wa kiwandani, zamu yake inaanza saa tisa. Blanketi linakuamsha uende kazini. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jerome: Hiyo inaingiaje hapa?

Blasius: Blanketi si hukaa karibu na mvungu?

Jerome: Basi mimi blanketi langu ni la dukani, mbona naamka saa kumi?

Blasius: Wewe unasubiri taarifa ya habari. Mimi naamka saa kumi kasoro, lakini mimi ni kwa ajili ya biashara.

Wendelin hakucheka. Alisema huwa amelala tu gizani, anamsikiliza mkewe Gertruda akipumua, anaogopa kujigeuza asije akamwamsha. Anajiuliza nani atamkatia kuni.

Hapo mama mmoja aliyekuwa akingoja gari la Kihagara alisogea na kikapu chake. Alikuwa nesi, akasema jina lake Gaudiosa.

Gaudiosa: Shikamooni wazee. Samahani, nimesikia. Baba, unalala saa ngapi?

Wendelin: Marahaba, mwanangu. Saa mbili. Macho hayasubiri tena.

Gaudiosa: Mchana unasinzia? Unachoka?

Wendelin: Nasinzia na nani? Niko shambani.

Gaudiosa: Na marehemu babu alikuwa anakohoa?

Wendelin: Mwaka mzima, mpaka damu.

Gaudiosa: Basi aliondoka na kikohozi, si na saa tisa. Umri ukisogea usingizi unawahi kuja, unawahi kuondoka, nao unakuwa mwepesi. Haya, wazee wangu: kutoka saa mbili mpaka saa tisa, ni saa ngapi?

Wakahesabu kwa vidole. Jerome alikosea, akaanza upya. Saba.

Gaudiosa: Na kijana wake anayelala saa tano akaamka saa kumi na mbili?

Saba.

Gaudiosa: Sasa mgonjwa hapa ni yupi?

Hata Redio alizimika. Wendelin alivua kofia, akaiweka gotini, machozi yakamlenga.

Wendelin: Asante Mungu. Kumbe nilikuwa nimelala! Asante, mwanangu. Mama Birika, huyu mnyweshe.

Nilimmiminia kikombe cha bure, kwa furaha yangu mwenyewe. Wendelin akamgeukia jirani yake.

Wendelin: Blasius, miche yangu.

Blasius: Haiwezekani! Ulitamka umeshika kikombe. Mashahidi hawa.

Wendelin: Aliyekupa alikuwa marehemu. Kamdai yeye.

Nilicheka hadi birika likanitoka mkononi, kahawa yote chini, na hakuna aliyenilaumu.

Blasius: Na mashimo sitini, mzee mzima, utapata wapi nafasi ya kuyachimba?

Wendelin: Kesho nikiamka saa tisa nitakuwa na muda mwingi tu wa kupanga.