Kusogeza Ukuta, Sauti Zimo Ndani

Kijiwe kiko ubavuni mwa kituo cha redio: benchi moja la mbao, jingine la ubao juu ya matofali, na birika la kahawa katikati. Asubuhi hiyo Waya, fundi mitambo wa redio, alikaa akikikodolea macho kikombe chake. Mtambo wake wa kuhifadhia sauti, kabati zima la diski, ulikuwa umejaa hadi kooni. Jana alichomeka diski mpya nne. Leo, saa nne kamili, alitakiwa kuipanua sehemu ya sauti ichukue nafasi hiyo mpya. Ndani yake mlikuwa na miaka kumi na moja ya vipindi, pamoja na sauti ya mtangazaji marehemu, ambayo mjane wake huja kuisikiliza kila mwezi. Ikipotea, atamwambia nini mama yule?

— Mbona umenuna kama umemeza nyundo? aliuliza Saruji, mwashi.

— Naogopa, kaka. Nasogeza ukuta na wapangaji wamo ndani.

— Gonga tu! Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Sasa hapo ndipo umenitisha zaidi!

Pindo, fundi cherehani, alibetua midomo.

— Mwashi kila kitu nyundo. Hilo ni gauni, mdogo wangu. Unafumua mshono, unaachia kitambaa, na mwenye gauni hata havui.

— Na akipumua?

— Asipumue.

Dokta, fundi simu ambaye hajawahi kutibu hata mafua, aliinua kidole.

— Washamba nyote. Data ni kama kondoo, baridi ikizidi zinabanana. Washa feni, zirundikane kona moja, kisha hamisha ukuta fasta kabla hazijapata joto.

— Zikikohoa je? aliuliza Saruji.

— Ndiyo ile mikwaruzo mnayoisikia redioni!

Kijiwe kikaangua kicheko. Hata Waya alicheka, mabega yakamshuka.

— Basi jamani, sina wasiwasi kihivyo. Nina nakala. Kila Ijumaa mtambo unajinakili wenyewe kwenye diski ya pembeni, naifungia ofisini.

— Si useme! alifoka Saruji. Unatusumbua bure. Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na nakala!

Mwisho wa benchi alikaa dada mmoja mgeni, akingoja kiatu chake kwa mshona viatu wa jirani.

— Samahani, kaka. Hiyo nakala, mara ya mwisho kuifungua na kuisikiliza ilikuwa lini?

Saruji alimtazama Pindo. Pindo akamtazama Dokta. Dokta akalitazama birika. Waya alizihesabu Ijumaa kinyumenyume. Taa ya kijani ya diski ile, ya kuonyesha kunakili kumekwisha, aliiona kila wiki. Sauti iliyomo, hakuisikia hata siku moja.

Akatoa simu.

— Bosi, ile kazi ya saa nne tuiahirishe.

— Kulikoni? Diski mpya zimekufa?

— Nzima kabisa. Ila nimeulizwa swali, na jibu sina.

— Swali la nani? Mkaguzi?

Waya alimtazama yule dada, mguu mmoja umevaa, mwingine peku, akipuliza kahawa yake taratibu.

— Ndiyo, bosi. Mkaguzi.