Nani Alitumikia Manowari ya Wenlock?

Kijiwe chetu kingekuwa kwenye kona ya mtaa kama vijiwe vingine vya heshima, ila kona ya mtaa wa Ladywood, hapa Birmingham, mwezi wa Februari si mahali pa kukaa mtu mwenye akili zake. Kwa hiyo tulihamia ndani ya londri ya mashine za kufulia nguo, kwenye benchi la mbao lililopewa mgongo na mashine za kukaushia, ukikaa unapata joto la bure kiunoni. Kila Jumamosi asubuhi tulikutana pale na mafurushi yetu. Kahawa ilitoka kwa Kanta, mke wa Hasmukh, aliyeitia tangawizi kwenye thamosi kubwa na kubaki nyumbani akifurahia ukimya. Hasmukh tulimwita Duka, maana hakuna sentensi yake iliyofika mwisho bila kupitia duka la marehemu baba yake Mombasa. Ranjit, fundi wa reli wa Nairobi ambaye sasa alitengeneza mabasi kule Digbeth, alikuwa Boila, kwa ajili ya yale matangi ya mvuke ya treni. Mwinjuma wa Tanga alikuwa Nahodha kwa sababu aliwahi kufanya kazi melini. Ukimuuliza meli gani, alikohoa. Mimi waliniita Digrii, na haikuwa sifa.

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja, watu wa posta wamegoma, barua hazitoki wala haziingii. Tulikuwa tunalaumu posta kwa kila kitu, mpaka soksi zilizopotea kwenye mashine, Truphosa alipoingia na mtoto mgongoni na kikapu cha nepi mkononi. Truphosa alikuwa nesi, jirani yetu wa ghorofa ya tisa. Mtoto alikuwa na miezi miwili na kijiwe kilikwishampa jina lake: Bosi, kwa kuwa alilala wengine wakifanya kazi na akaamka wengine wakitaka kulala.

Truphosa: Shikamoo, Nahodha. Wengine, habari za asubuhi. Nina shida, na nimewaletea nyinyi kwa kuwa sina pengine.

Duka: Kaa kwanza, dada. Kahawa?

Truphosa: Nitakunywa nikisema. Jana nilikwenda kwa kasisi juu ya ubatizo wa Bosi. Mnaijua ile kengele ya shaba pale kanisani, karibu na mlango?

Boila: Ile kubwa? Mimi nikipita naona ng'arang'ara tu.

Truphosa: Ni kengele ya manowari. Inaitwa Wenlock. Wakati wa vita watu wa kata hii walichangia meli hiyo, basi ilipokatwakatwa kuwa chuma chakavu, kengele ikaletwa kwao. Na wanamaji wa hapa wana desturi. Kengele inapinduliwa, inatiwa maji, mtoto anabatizwa humo, kisha jina lake linachongwa kwa ndani.

Nahodha: Kweli kabisa. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Truphosa: Nikamwambia kasisi, mwanangu naye abatizwe humo. Akasema ni vigumu. Ni kwa watoto wa watu waliotumikia meli ile, au jamaa zao.

Mimi: Na wewe kengele unaitakia nini? Maji si maji?

Aliweka kikombe chini. Hakukasirika, ila alinitazama kama anavyotazama mgonjwa anayekataa dawa.

Truphosa: Digrii, mama mwenye nyumba yangu ananiuliza kila Jumatatu narudi kwetu lini. Kila Jumatatu. Mimi nitamjibu, nimezoea. Lakini huyu amezaliwa hapa. Nami nimeandikwa kwenye makaratasi tangu nilipotua, na makaratasi hayo yanachanwa kirahisi. Nataka yeye aandikwe kwenye shaba. Atakayemuuliza anatoka wapi, akainame achungulie ndani ya kengele.

Mashine namba tatu ikaanza kutetemeka kama kawaida yake, Boila akaipiga teke bila kusimama, ikatulia.

Truphosa: Mama anayetunza kengele anakuja hapa leo asubuhi na vitambaa vya kanisa. Kasisi amesema huyo ndiye mwenye kauli. Basi nauliza: kuna mtu hapa aliyeitumikia Wenlock?

Ningekuwa na busara ningekimbia na nguo zangu mbichi.

Nahodha: Wenlock! Mwanangu, ungeanza na jina tungekuwa tumeshamaliza. Nilikuwa chini kabisa, kwenye tanuri. Nachochea makaa usiku na mchana.

Mimi: Nahodha, Alhamisi nilikuwa maktaba nikaisoma meli hiyo, maana Truphosa alikuwa amenidokeza habari za kengele. Ilikuwa kruza nyepesi, manowari ya mwendo wa kasi. Ilitumia mafuta. Haikuwa na kipande cha makaa.

Nahodha: Yalikuwa makaa ya akiba.

Boila: Ya kuchomea mishikaki!

Nahodha: Cheka. Tulifukuza nyambizi ya Mjerumani, ikakimbilia mto Tana. Sisi nyuma. Viboko wanatupisha.

Mimi: Meli yenye urefu wa uwanja wa mpira na nusu, ndani ya mto Tana.

Nahodha: Ilikuwa masika, Digrii. Maji yalijaa.

Boila: Wacha uongo wa watu wa pwani. Ukweli ninao mimi. Boila ya Wenlock ilipasuka pale Kilindini, mwaka wa arobaini na mbili. Mabwana wakubwa wakaja reli Nairobi: nani anajua boila? Wote wakamwangalia nani?

Duka: Fundi mkuu.

Boila: Wakaniangalia mimi! Tukaifungua meli vipande vipande, kila kipande na namba yake ya chaki, tukapakia kwenye mabehewa mpaka Kisumu, tukaiunga tena. Ikakaa ziwani miezi mingi ikitafuta Wajerumani.

Mimi: Ziwa Victoria lilikuwa na Wajerumani mwaka huo?

Boila: Hawakuonekana hata mmoja. Unaona kazi ilivyofanyika vizuri?

Hata Truphosa alicheka, halafu akajizuia, akatazama mlangoni.

Mimi: Sikilizeni. Kitabu kinasema hivi. Wenlock iliundwa Uskoti. Vita vilipoanza ikapelekwa kaskazini kusindikiza meli za mizigo kwenda Urusi, kwenye barafu. Kisha ikaja Bahari ya Hindi, ikapita Mombasa kuchukua maji na chakula, ikaenda kisiwa cha Bukini, ikaenda pwani ya Burma. Vita vikaisha, ikafungwa bandarini miaka mingi, ikauzwa, ikakatwa. Hakuna Tana, hakuna Kisumu.

Nahodha: Kitabu hicho kimeandikwa na nani? Alikuwepo?

Boila: Kwa hiyo zilikuwa Wenlock mbili. Moja ya kitabu, moja ya kazi.

Nahodha: Hapo umesema! Ya kwanza ilizama, wakaipaka rangi meli ya pili, jina lile lile, watu wa kata hii wasidai michango yao.

Duka muda wote alikuwa akikunja shuka za Kanta, kona kwa kona. Sasa alikohoa.

Duka: Duka la baba yangu lilipeleka vitunguu.

Boila: Vitunguu wapi?

Duka: Wenlock. Agizo lilikuwa viazi, lakini viazi hakuna soko zima, wanajeshi wamemaliza. Baba akasema meli haiwezi kuondoka tupu. Tukapakia vitunguu. Magunia na magunia. Mimi kijana wa miaka kumi na tano, nilibeba mwenyewe mpaka juu.

Kijiwe kilipasuka kwa kicheko. Nahodha alishika mbavu.

Nahodha: Watu tunataja nyambizi, mwenzetu analeta kachumbari!

Boila: Duka, bhai yangu, tafadhali. Mama akija, wewe usifungue mdomo kabisa. Utamharibia mtoto.

Duka: Lakini ni kweli.

Boila: Ndiyo shida yake!

Truphosa: Jamani! Mama yuko njiani. Nataka mtu mmoja na hadithi moja, na asiniletee viboko.

Ikaamuliwa, kwa kura ambayo mimi sikupiga, kwamba Nahodha ndiye mtu wa meli na Boila ni shahidi wake. Nahodha atakuwa babu wa mtoto. Hilo peke yake halikuwa uongo. Tangu Bosi aletwe kutoka hospitali hakuna aliyembeba kuliko yeye. Makaa yaondolewe, nyambizi ibaki. Nahodha akafunga vifungo vyote vya koti na kuomba Truphosa amshikishe mtoto, wakae kama picha.

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi mama mmoja mdogo wa umbo, mvi kichwa kizima, akivuta kikapu cha magurudumu. Akasema anaitwa Gertrude na amekuja kwa mambo ya kengele. Kuanzia hapo tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na cha kwao. Nakiweka hapa kwa Kiswahili kwa faida ya wote. Alimwita kila mtu "bab", kama wanavyoitana watu wa Birmingham, na Nahodha akadhani amekwishakubaliwa kuwa baba wa kikao.

Nahodha: Mama, mbele yako unaona mtu wa Wenlock.

Bi Gertrude: Vizuri. Mume wangu alikuwa mpiga mizinga humo. Mizinga ya nyuma. Wewe ulikuwa wapi?

Nahodha: Chini.

Bi Gertrude: Chini wapi, bab?

Nahodha: Chini kabisa.

Boila: Mimi ni shahidi. Nilimwona akishuka.

Bi Gertrude alitoa vitambaa vya altare kwenye kikapu, akavitia kwenye mashine kimoja kimoja, kisha akafunga kimlango chake. Hakuonekana kuudhika. Alionekana mtu aliyesikia hadithi nyingi za mabaharia mezani kwake.

Bi Gertrude: Mume wangu naye alisimulia sana. Mwisho nikawa siamini kitu ila kimoja, kwa sababu kila mtu wa meli ile alilalamika kitu hicho hicho mpaka kaburini. Mlipita Mombasa, sivyo? Mlipewa chakula gani pale?

Nahodha alimtazama Boila. Boila alitazama dirishani. Nahodha akachagua kwa ujasiri.

Nahodha: Viazi.

Bi Gertrude: Pole, bab.

Nilimwona Truphosa akimchukua mtoto taratibu kutoka kwa Nahodha na kuanza kumfunga mgongoni. Ndipo nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

Mimi: Duka! Sema!

Duka: Waliniambia nisifungue mdomo.

Mimi: Fungua!

Duka: Vitunguu, mama. Samahani sana. Viazi havikuwepo.

Bi Gertrude aligeuka polepole. Alimtazama Hasmukh, na zile shuka alizozishika kifuani, kama mtu aliyemtafuta miaka thelathini.

Bi Gertrude: Ni nyinyi!

Duka: Duka la baba yangu.

Bi Gertrude: Supu ya vitunguu, vitunguu vya kukaanga, vitunguu kwenye mkate, mpaka Burma! Mume wangu alirudi nyumbani hataki kukiona kitunguu. Nimepika miaka ishirini bila kitunguu, kijana, kwa ajili yako!

Duka: Vilikuwa vitunguu daraja la kwanza, mama.

Bi Gertrude akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi, akafuta macho kwa pembe ya kitambaa cha altare kilichobaki.

Bi Gertrude: Uliingia melini, au vilipokelewa gatini?

Duka: Niliingia. Mpishi mmoja mnene alinionyesha pa kuweka, akanipa chokoleti.

Bi Gertrude: Huyo mpishi mwanawe amo kwenye kengele, chini ya mwanangu. Basi ulitumika. Wengine walitumika miaka mitatu bila kukumbukwa hivyo. Na mtoto huyu ni nani wako?

Duka alimtazama Truphosa kama anaomba ruhusa.

Truphosa: Ni mjomba wake.

Bi Gertrude alimtazama Duka, akamtazama Bosi, akamtazama Duka tena.

Duka: Kwetu ni hivyo, mama.

Bi Gertrude: Mjomba anatosha. Fundi wa kuchonga anakuja Jumatano, nafasi ipo pazuri, karibu na ukingo. Jina la mtoto nani?



Boila: Bosi.

Bi Gertrude: Bosi?

Boila: Hilo ni la hapa benchini tu.

Tulitazamana. Watu wazima wanne, miezi miwili, tumembeba, tumembembeleza, tumempa meli nzima yenye mizinga, na hakuna aliyewahi kuuliza. Truphosa alikuwa amekaza macho sakafuni.

Truphosa: Hajapewa. Mama mkwe anataka Solomon, jina la marehemu babake mume wangu Alfayo. Mama yangu anataka Otieno, jina la marehemu babangu. Walikuwa wanaandikiana, kila mmoja akisubiri mwenzake achoke. Halafu posta ikagoma.

Nahodha: Mwite Wenlock!

Truphosa: Nahodha, nakuheshimu. Usinijaribu.

Boila aliinamisha thamosi juu ya kikombe cha mgeni. Lilitoka tone moja na kipande cha tangawizi. Bi Gertrude alishukuru hata hivyo, akashika kikombe kwa mikono miwili, akasubiri. Mgongoni kwa mama yake, Bosi aliamka, akatukagua mmoja mmoja.

Truphosa: Solomon Otieno. Yote mawili.

Duka: Na Alfayo atasemaje?

Truphosa: Alfayo ametoka zamu ya usiku. Amelala.

Duka: Na mama mkwe?

Truphosa: Posta wamegoma.

Akamgeukia Bi Gertrude, kidevu juu, kikapu cha nepi kimebanwa kiunoni.

Truphosa: Yataenea, mama?

Bi Gertrude aliinua kidole, akapima hewani, kutoka kwa mtoto wa mpishi mpaka ukingoni mwa kengele, akirudia jina polepole, silabi kwa silabi, mpaka akalizoea.

Bi Gertrude: Herufi zikiwa ndogo, bab, yataenea.