Mipira ya Meno Irudi Dukani

Sogeeni hapa, wanangu, mukaribie kitanda, na mutu azime hiyo redio, sababu sauti yangu haiwezi tena kushindana na kitu. Lucie, binti yangu, kaa hapa ku miguu. Gentil, weka simu chini, ofisi itakungoja. Na wewe Dany, ingia. Usisimame ku mulango kama mutu aliyekuja kuuliza njia. Ni mimi niliyekuita, na mutu akikuuliza unatafuta nini humu ndani, umuonyeshe mimi. Yolande, mujukuu wangu, fungua dirisha, nisikie barabara. Hapana, baridi. Rudisha kidogo. Acha hivyo.

Leo asubuhi nimesikia mipira ya gari ikitupwa mu uwanja, puu, puu, mara nne. Najua kamioneti iko juu ya matofali tangu juzi, ile mipira ya zamani imelika mpaka nyuzi zinatokea. Lakini hizi mupya zilianguka na sauti ninayoijua. Nikamwambia Yolande anishike mukono, tukatoka, nikainama, nikapapasa. Kati ya jino na jino vidole vyangu vitatu vimeingia. Gentil, ni wewe uliyenunua. Usijibu, sikukuuliza. Najua ulitaka kufanya vizuri, gari ikisimama mbele ya kanisa watu waseme kweli hii iko na miguu. Lakini tangu pale roho yangu haikai. Inaamka, inalala, inaamka.

Nipandishie hii mito, Lucie. Si hivyo. Basi, inatosha.

Hii gari yetu inatembeaga wapi? Kutoka hapa Nguba mpaka sokoni ni gudro, lami tupu. Tukienda Luvungi kuleta muchele, tunavuka muto Ruzizi, tunapita kule ng'ambo ya mupaka, gudro, kona juu ya kona ikishuka mpaka Kamanyola, halafu gudro tena. Matope iko wapi? Iko kwa kile kipande cha kuingia shambani, ambacho mimi mwenyewe, na haya magoti, nilikuwa nakimaliza kabla sijamaliza fungu moja la rozari. Kwa kile kipande kimoja munataka kufunga meno kwa safari nzima.

Mimi sikusoma, munajua, lakini Kasongo, kwado wetu pale ku rompwe, ule muzunguko wa barabara, mutu anayeziba mipira tangu Papa yenu iko na nywele nyeusi, alinifundisha kwa kidole. Meno makubwa, aliniambia, ku lami kavu inalia kama nyuki, na ku lami yenye muvua inagusa chini kidogo tu, kama mutu anayekanyaga sabuni na visigino. Mupira wa barabara, mifereji yake iko karibu karibu, inazunguka yote, maji inapata njia ya kukimbilia. Na muangalie uwe wa kubeba, wenye ubavu mugumu, sababu gari yetu inabebaga magunia, haibebi bibi harusi. Musome kipimo kilichoandikwa ku mulango wa dereva, musidanganywe na muuzaji anayesema huu nao utaingia. Kule ubavuni kuna namba nne peke yake, mbili za juma, mbili za mwaka, ndiyo siku ya kuzaliwa kwake. Mupira unazeekaga hata kama haujatembea, vile mimi ninavyozeeka humu kitandani.

Munaangaliana. Munajiuliza Maman alijulia wapi mambo ya wanaume. Nipe maji, Lucie.

Nilijulia pale nilipokataa kusikia.

Miaka kumi na moja iliyopita, muvua ya Novemba, gari ilikwama kule shambani, na Papa yenu Télesphore akashuka na viatu vyake vya kanisani kusukuma. Constance, maman yako, Dany, Mungu amurehemu, alikuwa pale na wanawake wanapepeta muchele. Akasema kwa sauti: "Gari ya Eulalie imeomba kulala kwetu." Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alikuwa muke wa Bisimwa, mudogo wa Papa yenu, na mimi muke wa mukubwa, na ile kicheko ilinifuata mpaka hapa Bukavu.

Kesho yake nilikuwa kwa Kasongo. Nilisema nataka meno, makubwa kupita yote. Kasongo akanieleza haya ninayowaeleza. Na Dany, aliyekuwa dereva wetu, kijana mudogo hivi, akanishika mukono akasema: "Maman mukubwa, kule matopeni tukikwama tunacheka, tunasukuma. Kule ku kona hakuna wa kutusukuma."

Mimi nikamujibu: "Wewe uko na usukani, mimi niko na shamba. Funga."

Papa yenu akacheka, akasema tufanye vile mama anataka. Huyo ndiye alikuwa Papa yenu. Siku nane tu zikapita. Muvua ikawakuta ku kona, wanashuka bila muzigo, na gari haikusikia tena usukani. Dany alitoka na mukono umevunjika. Papa yenu hakutoka.

Nani anatoka? Gentil? Mumuache. Mulango uko wazi, anasikia.

Ku kilio, mbele ya wazee wote, wewe Gentil, ulisimama ukamuuliza Dany alikunywa chupa ngapi. Dany aliniangalia mimi, mara moja tu. Na mimi nikavuta kitenge, nikafunika uso, watu wakasema tazameni mujane analia. Sikuwa nalia. Nilikuwa najificha. Gari ilipopelekwa kwa Kasongo kutengenezwa, nilimuomba atoe ile mipira kabla mutu hajaiangalia, nikamuapisha kwa jina la marehemu asiseme, naye hakusema mpaka leo.

Ni hivyo. Dany hakukunywa. Dany alikataa ile mipira, mimi nikalazimisha. Miaka kumi na moja hakuna mutu wa familia aliyemupa usukani. Anabeba magunia ya wengine kule bandarini, na ku ndoa zetu anakula nje na wapiga ngoma. Constance alikufa bila kuona mutoto wake amerudi ku meza yetu. Dany, ungeweza kunitaja. Sijui kwa nini hukunitaja. Usiniambie sasa, nitashindwa kumaliza.

Sikilizeni vile ninavyoacha. Nyumba hii iko ya Gentil, na chumba cha Yolande kisiguswe mpaka aolewe au akatae mwenyewe. Shamba la Luvungi ni la Lucie, aliyelilima wakati wengine walilila tu. Gari iko ya Dany. Gentil, najua uko ku korido, usipige ukuta, hautavunjika. Ukiwa na hasira njoo unikasirikie mimi, niko bado kidogo.

Mipira ya meno irudi dukani, leo. Kasongo achague ya barabara, yote nne ndugu moja, na ya akiba pia. Dany aifunge kwa mukono wake.

Sababu na mimi... napita ile kona. Munilaze karibu na Papa yenu, Luvungi, ku mwisho wa shamba. Karatasi za kunivukisha mupaka ni za Gentil, yeye anajua watu wa ofisi. Na wewe Gentil utakaa mbele, kiti cha Papa yako. Umuache Dany aendeshe. Usimuambie "polepole". Anajua polepole kutushinda sisi wote.

Nani ananishika mukono? Gentil... umerudi. Leta na wa Dany. Huo uliovunjika. Hapa. Pamoja.

Mungu awafungulie njia, wanangu. Awape muvua ya shamba... na barabara kavu. Mukae ku meza moja. Yolande, dirisha... fungua yote. Nataka... barabara.

*

Mama Eulalie alifariki siku ya tatu baada ya maneno hayo. Lucie alipata shamba la Luvungi, Gentil nyumba ya Nguba, Yolande chumba chake pamoja na rozari na vitenge vya nyanya yake, na Dany akapewa funguo za kamioneti. Mipira ya meno ilirudishwa na Gentil mwenyewe, akiivingirisha mmoja mmoja kupanda mpaka barabarani, na majirani wakimwangalia. Siku ya kumvusha marehemu, mvua iliwakuta kwenye kona ileile. Dany alikuwa kwenye usukani, Gentil kiti cha mbele, mikono juu ya magoti. Hakumwambia "polepole".