Nani Alikula Kifurushi cha Mzee Stoo?

— Elfu ishirini kwa kazi nisiyoiona? Mzee Stoo aliweka kikombe chini. — Hata fundi rangi akiondoka, ukuta unaonekana umepakwa.

Tulikuwa kwenye benchi linaloegemea ukuta wa nyumba yake, pale muuza kahawa anapoweka jiko lake. Mzee Stoo ni mtunza stoo mstaafu. Kifurushi chake cha intaneti cha mwezi mzima kilikuwa kikikata roho katikati ya mwezi, akaniita niitazame ruta yake. Kazi hii sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kuharibu vya kwangu, na bei yangu naitaja kabla sijagusa kitu. Jana aliikubali. Leo ananiruka.

— Paswedi ambayo ruta ilitoka nayo kiwandani nimeiondoa, nikamwambia. — Ile ya waifai, uliyoweka namba ya nyumba yako, nimeibadilisha. Kitufe cha kuunganisha simu bila paswedi nimekizima.

— Lakini taa zilezile. Ujumbe unaingia vilevile.

— Kwa sababu simu yako nimeiunganisha upya mwenyewe. Ulitaka ikulilie?

Kipaza, dalali wa vyumba, akaingilia.

— Mzee, kifurushi hakiibiwi. Kinayeyuka kwa joto. Ruta umeiweka juu ya friji.

— Joto wapi, akasema Kinyozi, aliyekaa pembeni yake. — Ni friji yenyewe. Za siku hizi zinapigiana soga, zinaulizana bei ya nyama.

— Friji yangu ina miaka ishirini.

— Basi ndiyo ina mengi ya kusimulia.

Kipaza hakukubali kuachwa nyuma.

— Mimi nasema ni setilaiti. Ikipita juu ya bati, inafyonza. Huyu angekuwa fundi kweli, angekwambia ubadilishe paa.

Damu ilinichemka, nikaishusha kwa kahawa iliyobaki. Kazi ya kufunga milango ya mtandao ina ubaya huo: ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na watu wanaona uchungu kulipia kisichotokea.

Akaja nesi, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, kuchukua kikombe kabla ya zamu. Akatuangalia.

— Samahani, kaka zangu. Wiki nzima nikipita hapa nawakuta mmeinamia simu, hata salamu hamwitikii. Leo kulikoni?

Kinyozi alianza kukagua kucha zake. Kipaza akageukia jiko, kana kwamba moto ule ni wake. Muuza kahawa naye, taratibu, akaitia simu mfukoni.

Mzee Stoo aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka, kama anayekagua magunia.

— Mngeniomba tu, akasema. — Ningewapa.

Nilimhurumia, sisemi uongo. Hawa ndio watu anaokunywa nao kahawa kila asubuhi. Lakini kazi nimeifanya.

— Mzee, nipe elfu ishirini yangu.