Unene Ulionifanya Nipongezwe

Atukuzwe Mungu aliyeniachia pumzi ya kulitaja jina lake! Ndugu zangu, mimi ni mzee wa hapa kijijini Kilema, mkulima wa kahawa na ndizi. Nashuhudia jinsi Bwana alivyonitoa katika maji nikiwa nchi kavu.

Nilianza kwa kuchoka. Njia ya kupanda kanisani ikawa ndefu, na nikilala nilikosa hewa, hata nikawa nalala nimekaa. Mke wangu, Mama Prosper, akasema mwili umeishiwa nguvu. Sisi Wachagga mtu akichoka tunamlisha! Nikaletewa mtori wetu wa ndizi na nyama, maziwa, supu ya mbuzi iliyokolea chumvi. Na kweli nikanenepa! Viatu vikabana, mkanda ukakataa kufunga. Dada yangu Filomena akapiga makofi: "Kaka, sasa unafanana na matajiri wa mjini!" Ndugu zangu, Jumapili moja nilipeleka mkungu wa ndizi kanisani kumshukuru Mungu kwa unene ule!

Jumapili hiyohiyo, nikiwa bado nje ya kanisa, pumzi ikakata. Nikafungua mdomo, hewa haikuingia. Nilijua nakufa. Wanangu wakanishusha hospitali, Moshi mjini. Muuguzi akanibonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Babu, nani alikuambia umenenepa?"

"Kijiji kizima."

"Basi kijiji kizima kimekosea. Haya ni maji. Moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri."

Wakayatoa kwa dawa, nikavuta hewa tena. Haleluya! Daktari hakunificha: ugonjwa huu hauishi, unatunzwa. Nikasema, Bwana, na nitunzwe.

Sasa kila asubuhi kabla ya chai napanda mizani. Uzito ukiongezeka ghafla, nakwenda kliniki. Dawa nameza hata siku ninayojisikia mzima. Mtori wangu hutengwa kabla ya kutiwa chumvi. Filomena aliuonja akakunja uso: "Huu ni wa mgonjwa!"

Mke wangu akamjibu, "Ndiyo wifi, na mgonjwa wangu yu hai. Chumvi yako ile pale."

Jumapili iliyopita nilipanda kanisani polepole, nikaimba beti zote. Zote, ndugu zangu!

Wewe mwenye mzee aliyevimba miguu, usimsifie. Mpeleke akapimwe, na umtumaini Mungu njia nzima. Yeye hufanya kazi hata kwa kidole cha muuguzi. Bwana akulinde wewe unayesoma, autie nguvu moyo wako, na nyumba yako isikose wa kumsifu. Amina.